Kinanda cha Luberizi Kilivyoufichua Mguu Wangu

Video mmeiona, najua, kwa hiyo sina haja ya kujifanya mtu wa heshima mbele yenu. Yule mwenye suti nyeupe, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, kidole gumba kimechungulia nje ya soksi kama mwenye nyumba aliyesikia hodi, na nyuma yake kanisa zima linacheka: ndiyo, ni mimi, Amani, mpiga kinanda wa kwaya ya vijana hapa Uvira. Lakini aliyenichukua video hiyo aliikata mapema mno (alikuwa na haraka ya kuisambaza, Mungu amsamehe), na nimechoka kuchekwa kwa nusu ya habari, basi kaeni niwape yote, aibu kwanza na utamu baadaye.

Lazima nianze na mguu wangu wa kulia, kwa sababu ndio uliokuwa ukinidanganya miaka yote. Kinanda changu cha umeme kina pedali moja ndogo inayolala sakafuni mwishoni mwa waya wake, ukiikanyaga, sauti hazikatiki hata ukiondoa vidole, zinaendelea kuelea na kuchanganyikana, na mtu aliyekaa nyuma kanisani anafumba macho na kusema huyu kijana ana mikono ya malaika. Mikono yenyewe, jamani! Mikono yangu ilikuwa ikirukaruka juu ya vitufe kama panzi juu ya jani la muhogo, kidole kinaondoka kabla mwenzake hajafika, na katikati yao kuna shimo, ila mguu ulikuwa unafunika mashimo yote. Mwalimu wetu wa kwaya alinishtukia zamani. Siku moja katikati ya mazoezi aliinama, akachomoa waya wa pedali bila kuniambia, na wimbo wangu ukavunjikavunjika pale pale kama sahani.

"Umesikia?" akaniuliza. "Weye haupigi na mikono. Unapiga na muguu."

Kwaya ikacheka, mimi nikacheka pia, nikaurudisha waya mahali pake, na nikaendelea na maisha. Niliona ana wivu.

Sasa dada yangu. Yaya Zawadi (kwetu yaya ni dada mkubwa) ndiye wa kwanza wetu, na miaka minne iliyopita pikipiki aliyopanda ilianguka kwenye barabara ya kwenda Kalundu, mguu wake wa kushoto ukavunjika mara mbili na kupona ukiwa mfupi kuliko mwenzake. Fundi viatu akamwekea soli nene upande ule. Anatembea vizuri, anapanda mpaka kwa shangazi kule mlimani bila kumwomba mtu mkono, lakini kwenye sakafu ya saruji ile soli inalia, ko, halafu kimya, halafu ko, na watu wanageuka kabla hawajamwona. Yeye kuonekana hakumsumbui. Kinachomsumbua ni ule mlio, kwamba unafika kabla yake na kumtangaza.

Basi alipochumbiwa na Inosenti, mwalimu wa shule wa Luberizi, mtu mpole mwenye mashamba ya mpunga na ng'ombe sita, na ikapangwa kwamba ndoa ibarikiwe kanisani kwa kina Inosenti, dada alinifuata jioni moja nikiwa ufukweni nafua soksi zangu (soksi hizo, zikumbukeni), akakaa juu ya jiwe na kutia miguu ziwani.

"Mudogo," akasema, "minye sitaki zawadi yako. Sitaki kitenge, sitaki sufuria. Nataka unipigie wimbo ya kuingia. Wimbo yenye haikatike. Uanze nikiwa kwa mulango, uishe nikifika mbele. Ile kanisa iko na sakafu ya simenti, nimeshaiona. Ukiacha nafasi kidogo tu, batu bote batasikia huu muguu."

"Yaya, weye tembea tu," nikamjibu, "ingine yote niachie minye."

Nilimtungia wimbo. Nisikilizeni vizuri, maana hapa sijisifu bure: ulikuwa wimbo mzuri. Mstari mmoja mrefu wa mkono wa kulia, unapanda polepole kama barabara inayopanda mlimani, unasimama kidogo juu kuangalia ziwa, halafu unateremka upande wa pili bila kuvuta pumzi. Niliupiga usiku na mchana, mguu wangu umekaa juu ya pedali kama kuku juu ya mayai, na dada alipousikia alilia.

Kosa langu lilikuwa dogo kabisa. Juma la harusi Inosenti alitutumia picha kwenye simu, akasema kanisani kwao kuna kinanda cha zamani walichokiacha mapadri, cha mbao, hakitumii umeme, na kama nataka nitumie hicho, la sivyo nije na cha kwangu, yeye atatafuta jenereta. Nikaitazama picha. Vitufe vipo. Na chini, mbele ya kiti, pedali mbili, kila moja pana kama kandambili! Mimi niliyezoea moja, tena ndogo kama kisigino cha mtoto, nikaona hawa watu wameendelea. Halafu nikaitazama suti yangu nyeupe iliyotundikwa ukutani, nikafikiria kinanda changu kilicho kirefu kama jeneza kikikaa mapajani mwangu kutoka Uvira hadi Luberizi, katika lile vumbi, koti likijikunja. Nikamwandikia Inosenti: jenereta haina haja. Kinanda changu nikakifunika shuka, na pedali yangu nikaiacha chini ya kitanda.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi kwa magari mawili, mimi nimekaa mbele kwa dereva, kwapa wazi, ili koti lisinyauke. Tukasimamishwa na ng'ombe mara tatu, tukapita kati ya mpunga uliokuwa wa kijani mpaka macho yanauma, na nilishuka Luberizi nikiwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Viatu vyangu vilikuwa vile vyenye ncha ndefu, ncha inafika mahali halafu mguu unafuata baadaye.

Mlangoni mwa kanisa alinipokea Mama Esperansi, kiongozi wa kwaya ya pale, mama mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi. Alikuwa na kitambaa mkononi, ametoka kukipangusa kinanda.

"Ni weye fundi wa Uvira?" akauliza, akinitazama kuanzia ncha za viatu kwenda juu. "Karibu, mutoto yangu. Kuja ukijaribu mbele batu hawajaingia. Hiki kiko na tabia yake."

Ndipo nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu naguna kwa sauti. Nikasema: "Asante, mama, lakini vinanda vyote ni kitu kimoja. Nitapumzisha mikono kwanza."

Akavuta vifungo vya mbao vya mbele ya kinanda, vya kufungulia sauti, viwili, vitatu, akaniachia kiti, akaenda kusimama na kwaya yake karibu na ngoma.

Kanisa likajaa. Ndugu zetu wa Uvira upande mmoja, wakwe upande wa pili, wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri kutoka Lubarika, akina mama wamevaa mavazi ya kufunga begani yanayong'aa, na joto limekaa juu yetu sote kama mgeni asiyeaga. Padri akatoa ishara. Pale mlangoni, mwangani, nikamwona yaya Zawadi ameshika mkono wa baba, gauni limefika chini, na macho yake hayakumtafuta Inosenti aliyekuwa mbele, yalinitafuta mimi. Nikamwinamishia kichwa. Nikaweka miguu yote miwili juu ya zile pedali, nikazikandamiza mpaka chini na kuzishikilia hapo hapo, kama nilivyozoea, na nikaanza.

Mwanzo ulikuwa mtamu, siwadanganyi. Sauti ilitoka ndani ya zile mbao, nzito na ya kale, dada akapiga hatua ya kwanza, ya pili, mama mmoja akaachia kigelegele. Halafu mstari wangu ulipoanza kupanda, kinanda kikaanza kushuka. Sauti ikalegea, ikapinda, ikawa nyembamba, ikatoa mgumio mrefu wa ng'ombe anayezaa, na ikafa. Nikakandamiza zaidi kwa miguu. Hakuna. Vidole vyangu viliendelea kukimbia juu ya vitufe, na kilichosikika ni mbao tu, tak tak tak, kama mtu anayepanga vijiko kabatini.

(Kwa wasiojua, kama mimi nilivyokuwa sijui siku ile: zile hazikuwa pedali za kushikilia sauti. Zilikuwa za kupuliza. Ndani ya kinanda kile kuna mapafu ya ngozi, na mpigaji ndiye anayeyajaza hewa, mguu huu, mguu ule, huu, ule, tangu wimbo unapoanza hadi mwisho. Mimi nilikipulizia pumzi moja nikakikaba koo.)

Dada akasimama katikati ya njia. Baba akasimama. Mtoto akacheka, na kicheko cha mtoto mmoja kanisani mnakijua kinavyoambukiza.

"Kanyaga!" akanong'ona Mama Esperansi, kama kunong'ona kwake kulistahili jina hilo, maana walimsikia hadi nje. "Kanyaga, weye! Muguu moja, na ingine! Moja, na ingine!"

Nikakanyaga. Nikakanyaga kama mwizi wa baiskeli anayesikia mbwa, na hapo ile ncha ndefu ya kiatu cha kulia ikaingia chini ya ubao na kukwama, pedali ikakataa kupanda wala kushuka, nikavuta mguu kwa nguvu zote za ukoo wetu, na kiatu kikatoka pale chini, tena kikatoka na mguuni, kikapaa juu ya kichwa cha padri msaidizi na kutua juu ya ngoma ya kwaya. Dum! Moja tu, safi, kama mpiga ngoma alikuwa akiingojea. Ndipo kidole gumba kikachungulia, ndipo simu zikainuliwa, na hapa ndipo video yenu inapoishia.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hamkuiona.

Mguu usio na kiatu ulikuwa mwepesi, pedali zikaanza kutembea, hewa ikaingia, sauti ikarudi. Lakini ilirudi ikiwa uchi. Hakukuwa na kitu cha kufunika mikono yangu tena. Kila kidole kiliruka kabla mwenzake hajatua, na wimbo wangu, ule wa kupanda mlima bila kuvuta pumzi, ukatoka vipande vipande kama mbuzi anayetembea juu ya bati. Watu wakacheka upya. Nikamsikia Mama Esperansi akimwambia jirani yake, "Huyu iko anapiga kama anagusa sufuria ya moto." Uso wangu ulikuwa na maji, na sijui yalikuwa jasho au la, na nikawaza kuinuka, kutoka kwa mlango wa nyuma, kupita kwenye mpunga na kuendelea hadi mtoni nisirudi tena.

Halafu nikausikia. Ko.

Katika shimo kati ya noti mbili, wazi kabisa: ko. Nikageuza kichwa. Dada yangu alikuwa anatembea. Hakungoja nitengeneze chochote. Ameshika mkono wa baba, kidevu kimeinuka, anatembea katikati ya vicheko vyote vile, na kila shimo nililoacha mimi, mguu wake ulitua ndani yake, ko, na watu waligeuka. Kitu kimoja alichoniomba maishani, kitu kimoja tu, nilikuwa nakifanya kinyume mbele ya macho yake.

Ila kwa kuwa nilikuwa nikimtazama miguu, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona miaka yote minne. Mguu wa dada ulio mzima hauondoki chini kabla ule mfupi haujatua na kushika. Kuna muda, mdogo sana, ambapo miguu yote miwili iko chini kwa pamoja, inapeana uzito, huu unampa mwenzake, taratibu, bila haraka, na baada ya hapo tu ndipo unapoinuka. Ndiyo maana haanguki. Ndiyo maana anapanda mlima.

"Usiinue!" Mama Esperansi alikuwa ameshafika nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. "Kidole kisitoke mbele mwenzake hajafika. Kingoje!"

Nikakingoja. Nikakishika kitufe kwa kidole cha pili mpaka cha tatu kikazama kabisa, na kwa muda ule mdogo vyote viwili vikawa chini, ndipo nikakiachia cha kwanza. Sauti haikukatika. Nikafanya tena. Cha tatu kikampa cha nne. Gumba likapita chini ya kiganja na kupokea. Nikapunguza mwendo mpaka nikawa na mwendo wa dada, hatua yake ndiyo noti yangu, na mstari ukaanza kupanda, noti inashikana na noti kama watu wanaovushana mto kwa mikono, na nilipofika pale juu, kidole changu cha mwisho kimekwisha na mlima bado haujaisha, sijui ni nani aliyenifundisha, nilikishikilia kile kitufe bila kukiinua nikatelezesha gumba juu yake, kidole kidogo kikatoka na gumba likabaki, kitufe hakikujua kwamba kimebadilishiwa mwenye nyumba, na sauti ikaendelea, ikaendelea, ikaendelea.

Chini, miguu yangu ilikuwa ikikanyaga huu na ule, mmoja na kiatu, mwingine na soksi. Mara ya kwanza maishani mwangu mguu wangu haukuficha kitu. Ulifanya kazi yake ya kupuliza, na mikono ikafanya ya kwake. Kicheko kikapungua kama mvua inavyohama, kwanza kwa wakwe, halafu kwa watoto, na kanisa likanyamaza, na ndani ya ule ukimya kulikuwa na uzi mmoja tu wa sauti, mrefu, usio na fundo, na dada yangu anatembea juu yake. Nilitega sikio nitafute ule mlio. Sikuupata. Mama Esperansi akaanza kuimba chini chini, bila maneno, akifuata mstari wangu nusu hatua nyuma, kwaya yake ikamfuata, na upande wa Uvira ukapokea, na mlima wangu ukateremka upande wa pili ukiwa na watu mia nyuma yake. Nilipoachia noti ya mwisho, yaya Zawadi alikuwa ameshaweka mkono wake ndani ya mkono wa Inosenti.

Vigelegele vilivyopigwa pale, jamani, ng'ombe walivisikia malishoni.

Mchana, watu wakila wali na nyama nje ya kanisa, mama mmoja mkwe kutoka Lubarika alikuja kuniuliza kwa siri kama ndani ya kile kinanda hakukuwa na muntu anaimba. Nikamwambia hakuna, mama. Akanitazama kwa shaka, akarudi ndani kuhakikisha. Mpiga ngoma aliniletea kiatu changu kikiwa juu ya sahani, kimefunikwa na kitambaa kama chakula cha padri, na meza yetu nzima ikapiga makofi, nami nikainuka nikainama kama rais. Mama Esperansi hakunipongeza. Alisema tu, "Juma ijayo kuja tena. Mukono yako ya kushoto ingali inalala."

Halafu dada akaja, gauni amelikusanya mkono mmoja, akakaa karibu nami kwenye benchi. Nikaanza kuomba msamaha haraka haraka, kinanda, pedali, suti, kiatu, nikasema yaya nilikuacha katikati ya njia, akanitia kipande cha nyama kinywani ninyamaze.

"Wimbo ilipokatika pale mwanzo," akasema, "nilisimama. Nikajisemea, basi, imekwisha, batanisikia. Kisha nikaona ni sakafu tu, na Inosenti iko pale mbele. Nikaanza kutembea. Basikie! Ndipo weye ukanifikia njiani."

"Lakini mwishoni haukusikika," nikasema. "Muguu. Nilitega sikio."

Akacheka mpaka akanishika bega. "Minye sikutega. Nilishausahau."

Tangu siku hiyo pedali yangu sijaichomeka tena. Kila Jumamosi napanda gari la Luberizi, nimebeba viatu vya kawaida visivyo na ncha, Mama Esperansi ananikalisha pale na kunipiga vidole kwa kitambaa chake cha kupangusia, na hapa kwetu mwalimu wa kwaya ameacha kuinama chini ya kinanda, anasimama tu amefumba macho. Nimeapa mbele ya mama huyo kwamba sitaacha tena mguu useme uongo kwa niaba ya mikono, na kwamba kinanda nisichokijua nitakisalimia kwanza kabla ya kukikalia. Na kuna kiapo kingine nilichojiapia mwenyewe. Watu wakinisifu, na siku hizi wananisifu, wakiniambia, Amani, siku ile ulimwingiza dada yako kanisani vizuri, huwa nawasahihisha hapo hapo, hata kama ni wakubwa zangu. Nawaambia nilikuwa nimepotea mimi. Yeye ndiye aliyeniingiza.